Kufuli Lisilosema

Katika nyumba ile barua haikuwa na mwenyewe. Bahasha ilipofika, Shangazi aliichana kwa ukucha wa kidole gumba akiwa bado kizingitini, akaisoma kwa sauti ileile aliyoitumia miaka mingi kuwaita wagonjwa kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali. Na kabla aliyeandikiwa hajanyoosha mkono, majirani wa upande wa pili wa ukuta walikwisha kujua yaliyomo. Aliyeandikiwa alikuwa kaka yake, mhariri wa vitabu vya shule, ambaye macho yake yalififia polepole, mwaka hata mwaka, mpaka yakazimika.

Shangazi hakuwa na nia mbaya. Alihamia hapo wifi yake alipofariki, akachukua funguo za kabati, sufuria na barua kwa pamoja, kama mambo yasiyotengana. Alisoma kama alivyopika: kwa moyo mkunjufu na kwa kuongeza chumvi.

"Wanasema majibu ya vipimo vyako yapo tayari," alisoma siku moja, "na kwamba upunguze sukari kwenye chai."

"Hilo la chai limeandikwa hapo?" Mhariri aliuliza.

"Halikuandikwa. Ila daktari akiwa na akili timamu ndilo alilokusudia."

Mhariri alicheka, kwa kuwa alimpenda dada yake, na kwa kuwa kukasirika kungesikika kwa jirani.

Kitu kimoja tu hakikupita mikononi mwa Shangazi, nacho ni kompyuta iliyokuwa chumbani kwa Mhariri, juu ya meza iliyosukumwa hadi dirishani. Haikuwa na kioo. Kioo chake kilikwisha kugawiwa zamani, maana hakikuwa na wa kukitazama. Palibaki sanduku, kibodi iliyofutika herufi, na spika mbili ndogo. Programu maalumu ilisoma kwa sauti kila kilichoandikwa ndani ya mashine. Na Mhariri, ambaye ujanani alifundishwa taipureta huku vidole vyake vimefunikwa kwa kitambaa, hakuhitaji macho ili kuandika. Mchapishaji alimtumia miswada, yeye akaisikiliza, akaisahihisha, akairudisha. Alipovaa spika za masikioni, palikuwa na jambo moja duniani alilolijua yeye kabla ya mtu mwingine.

Kisha programu ile ikaanza kunyamaza. Leseni yake ilikuwa imekwisha; walioliuza toleo lile walikuwa wameacha kulishughulikia, na toleo jipya lilikataa kukaa kwenye mashine kuukuu. Ilisoma kitambo kifupi, ikakatika katikati ya sentensi, na haikurudi mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Mhariri alisema amekwisha kuzoea waandishi wasiomaliza sentensi, lakini huyu alikuwa amezidi.

Binti yake alikuwa chuo kikuu akisomea kompyuta, na alikuwa na imani. Aliamini programu huria, zile ambazo msimbo wake umewekwa wazi ili kila mtu ausome, aurekebishe na kumpa mwenzake. Katika chama chao cha wanafunzi walikuwa na msemo kwamba gari usiloruhusiwa kufungua boneti yake si lako, umekodishiwa. Kwake hilo halikuwa suala la mashine peke yake. Aliona kwamba mtu anayeazimwa vyombo vya kufikiria hatakawia kuazimwa hata mawazo. Aliposikia habari za programu inayonyamaza, alikuja nyumbani Jumamosi asubuhi na flashi yenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kioo chake mwenyewe kilichoviringishwa ndani ya sweta, na skana.

Skana ilitoka kwa Fundi Bisibisi, muuza kompyuta kuukuu aliyewauzia hata ile ya Mhariri. Ofisi fulani iliitupa kwa sababu watengenezaji wake hawakuandika tena programu ya kuiendesha, naye Fundi akaipa kazi ya kuzuia mlango wa kibanda chake usipigwe na upepo. Linux iliitambua mara tu waya ulipochomekwa. Binti aliweka ukurasa wa gazeti juu ya kioo cha skana, taa ikapita chini yake, na baada ya muda mfupi maneno ya karatasi yakawa maneno ya mashine.

"Hii Linux ni ya nani?" aliuliza Mhariri, aliyekuwa ameketi kando akisikiliza vidole vya binti yake.

"Ni ya kila mtu, Baba."

"Cha wote hakina mwenyewe. Kikiharibika tutamlilia nani?"

"Tutajililia sisi wenyewe, kisha tutakitengeneza."

"Unajibu kama marehemu mama yako. Haya, endelea."

Sauti iliyotoka katika mfumo mpya ilikuwa kavu, ya puani kidogo, isiyo na kituo wala kiimbo. Mhariri aliipa jina la Kibati palepale. Shangazi alikuja kusimama mlangoni na mwiko mkononi, akaisikiliza ikisoma habari ya kufunguliwa kwa daraja.

"Huyu naye ndiye msomaji?" alisema. "Hana hata pumzi. Asome harusi, asome msiba, sauti ni ileile."

"Ndiyo raha yake," Mhariri alijibu.

Shangazi alirudi jikoni bila kuongeza neno, jambo ambalo kwake lilikuwa ni kuongeza mengi.

Mwanzoni mwa kazi mfumo ulikuwa umeuliza kama diski ifungwe kwa neno la siri, na Binti hakusita hata kidogo. Alimweleza baba yake kwamba diski iliyofungwa namna ile, hata ikiibwa na kupelekwa kwa bingwa yeyote, haisomeki bila neno lenyewe. Hakuna ufunguo wa akiba, wala hakuna fundi wa makufuli wa kuitwa.

Mhariri alishusha sauti. "Hata wewe huwezi?"

"Hata mimi, kama nisingelijua neno."

"Na shangazi yako?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

Wakachagua jina la jogoo mkorofi aliyewahi kuwakimbiza wageni uani, likifuatwa na tarakimu kadhaa. Mara nyingi siku ile Binti aliizima mashine na kuiwasha ili kuhakikisha mambo yote yamekaa sawa. Kila ilipowaka aliandika neno la siri huku akiongea, huku akila, huku akimjibu Shangazi, bila kutambua kwamba alikuwa akiliandika mara mbili. Kisha alimketisha baba yake, mashine ikiwa tayari imeshawaka. Kibati akasema, "Andika neno la siri," Mhariri akaandika, mlango ukafunguka. Walirudia hadi wakaridhika. Jumapili jioni Binti alikiviringisha kioo chake ndani ya sweta na kurudi chuoni, akiacha nyuma yake mashine iliyowaka na baba aliyekuwa akisomewa muswada wa jiografia na Kibati bila kukatizwa.

Jumatatu asubuhi umeme ulikatika, ukarudi.

Mhariri alibonyeza kitufe cha kuwashia. Alisikia feni ikizunguka, diski ikikoroma kidogo, kisha basi. Alimsubiri Kibati amwombe neno la siri. Kibati hakuja. Akasubiri tena, akabonyeza hiki na kile, akaandika jina la jogoo hewani, kama mtu anayeita ndani ya nyumba asiyojua kama ina watu. Hakuna kilichojibu. Aliizima, akaiwasha, na kimya kikawa kilekile.

Shangazi aliitwa. Aliweka kiganja juu ya sanduku kama alivyoona wauguzi wakifanya. "Mwili una joto," alisema. "Hajafa huyu. Kazimia."

Alasiri ile katibu wa mchapishaji alipiga simu kuulizia muswada, uliotakiwa kurudi mwisho wa juma. Alikuwa msichana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoumiza. "Mzee wetu, kama mzigo ni mkubwa, tunaweza kumpa mtu mwingine amalizie. Kwa muda tu."

Mhariri alijibu kwamba mzigo haujawahi kuwa mkubwa, akaomba nakala ya karatasi. Ililetwa kabla ya magharibi, na Shangazi akavaa miwani yake kwa furaha isiyofichika.

"'Mito mingi huanzia sehemu za mwinuko,'" alisoma. "Hilo kila mtu analijua. Turuke."

"Usiruke, dada. Soma kama lilivyo."

"Nasoma, nasoma. 'Mto unapofika tambarare hupunguza kasi.' Kama sisi. 'Mashapo'... hili neno nani kaliweka? Mtoto wa darasa la tano alijue?"

"Soma tu."

Shangazi alijitahidi. Lakini sura ya pili ilitoka fupi kuliko ya kwanza, na ya tatu ilikwisha kabla chai haijapoa. Mhariri, aliyejua tangu zamani sura ya jiografia huwa na uzito gani, alielewa kwamba yapo yaliyorukwa, na kwamba hatajua ni yapi. Aliusikiliza ukurasa wa mwisho hadi mwisho.

"Ahsante," alisema. "Kesho umpigie katibu kwa niaba yangu. Mwambie wampe huyo mtu mwingine. Na asiwe wa muda."

Shangazi aliivua miwani. Alikuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mjinga. Alitoka hadi uani, mahali ambapo sauti yake iliweza kufika popote isipokuwa chumbani kwa kaka yake, akaanza kumpigia mpwa wake.

Binti alikuwa ukumbini na wenzake wa chama wakipanga viti. Kesho yake angesimama mbele ya wanafunzi kuzungumzia mada aliyoichagua mwenyewe: "Kompyuta ni ya mwenyewe." Alipotoka nje na kuona simu alizokosa, alipiga, akapewa baba yake.

"Shikamoo, Baba. Shangazi kasema mashine imekataa. Kioo kinaonyesha nini?"

Alisikika akiipapasa meza.

"Kioo kipi, mwanangu?"

Binti alikumbuka mahali kilipokuwa: bwenini, juu ya meza yake, kikiwa kimeshachomekwa kwenye kompyuta yake. Hakuna mtu katika nyumba ile, awe mwenye macho au asiye nayo, aliyekuwa na uwezo wa kujua mashine ilikuwa ikisema nini.

"Kibati hakukuomba neno la siri?"

"Kibati hakusema lolote."

Basi ni sauti iliyoharibika, aliwaza, na akaanza kupitia kichwani faili zote za sauti alizozigusa. Alimwomba mwenzake ashike nafasi yake ya kuzungumza, akapanda basi la kwanza asubuhi, kioo kikiwa mapajani.

Mhariri alikuwa ameketi mbele ya meza, mikono juu ya magoti, muswada wa karatasi umefungwa kwa kamba kando yake, tayari kurudishwa.

"Nimeiharibu mashine yako," alisema hata kabla ya salamu. "Umeme uliporudi niliiwasha, halafu nikabonyeza ovyo. Labda niligusa kisichofaa. Usijisumbue sana nayo."

Binti alichomeka kioo, akabonyeza kitufe, akasubiri. Uso mweusi ulijitokeza, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe ukiomba neno la siri la diski.

Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Tangu Jumatatu ilikuwa imesimama mlangoni kwa adabu, ikingoja kufunguliwa. Kibati, ambaye ndiye angemwambia Mhariri afungue, alikuwa ndani ya diski iliyofungwa. Palikuwa na milango miwili, na ni ule wa ndani tu uliokuwa na msemaji; ule wa nje uliomba, na kukataa, kwa maandishi; jina la jogoo lilipoandikwa, lilifuata herufi zilizobonyezwa ovyo, likakataliwa bila sauti. Binti alikuwa ameupita mlango huo mara nyingi siku ile ya Jumamosi. Hakuusahau. Aliuona kila mara, na kwa sababu aliuona hakuwahi kuufikiria.

"Si wewe, Baba," alisema. "Ni mimi." Akamweleza yote, kwa utaratibu, kama anavyoeleza mtu anayetaka kuadhibiwa kwa haki.

Mhariri alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo umeniwekea kufuli."

"Ndiyo."

"Na kufuli lenyewe halisemi."

"Halisemi."

"Mwizi hakuja," alisema taratibu, "ila mwenye nyumba kalala nje."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni kama kawaida, aliangua kicheko, kisha akakimeza.

"Nitaliondoa leo hii," Binti alisema. "Nasakinisha upya, diski ikae wazi. Kibati atasema tangu mwanzo mpaka mwisho, hutasubiri mtu."

"Nani kakuambia uliondoe?" Mhariri aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Dada, naomba chai. Na sukari uweke wewe mwenyewe, kiasi unachoona kinafaa."

Kwa heshima kubwa namna hiyo Shangazi hakuwa na budi kwenda.

Mhariri alisubiri hadi aliposikia sufuria ikigonga jiko. "Tangu macho yaondoke," alisema, "sijapata barua hata moja. Nimesomewa barua. Ni vitu viwili tofauti. Majibu ya hospitali nayasikia pamoja na jirani. Mama yako alipofariki, rambirambi zote zilisomwa sebuleni mbele ya wageni, hata zile zilizoandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Shangazi yako alifanya kwa wema, nami sikumkataza. Sina cha kuficha, mwanangu. Ila ningependa kuwa na mahali pa kukifichia."

Binti aliutazama mstari mweupe uliokuwa bado ukingoja.

"Sasa umejua kwamba mlango wa nje nao unauliza," alisema. "Unaweza kuiwasha, ukasubiri kidogo, ukaandika."

"Nikibahatisha."

"Ukibahatisha. Siku nyingine itachelewa kuwaka, na ukikosea herufi hutajua kama umekosea."

"Mlango wangu sibahatishi. Taipureta yangu haikuwa na akili hata chembe, lakini ilipokaribia mwisho wa mstari iligonga kengele, nami nikajua nipo wapi. Kufuli liache. Lipe kengele."

Lilikuwa jambo dogo kutamka. Binti alipekua maelekezo ya mfumo, akakuta mengi kuhusu rangi ya mstari ule na umbo la herufi zake, na hakukuta chochote kuhusu kuusikia. Mwishowe aliandika swali katika kundi la mtandaoni ambamo watumiaji wa Linux wasioona husaidiana. Alieleza kosa lake bila kulipunguza. Kabla ya adhuhuri alikuwa amejibiwa na mtu aliyejiita Popo.

"Kila mwenye macho hufanya kosa hili mara moja," Popo aliandika. "Wengine hawaulizi. Ninakupa mistari ninayoitumia mimi. Itaiamuru ile spika ndogo ya kwenye bodi ndani ya sanduku, isiyomhitaji Kibati wako, itoe mlio mmoja wa juu mara tu neno la siri linapotakiwa, na milio miwili ya chini neno likiwa si lenyewe. Zima kioo, kaa mbele ya mashine, ndipo ufanye kazi. Kioo kikiwaka utajidanganya."

Binti alimsomea baba yake. Mhariri alitaka kujua Popo ni nani, anaishi wapi, na anataka nini.

"Sijui, Baba. Hataki kitu. Aliandika kwa shida yake mwenyewe, akaacha wazi ili wengine wachukue."

"Basi mwandikie kwamba nimeshukuru. Na kwamba sentensi zake hazina kasoro."

Mistari ya Popo iliingia mahali pake bila ubishi. Binti alikizima kioo, akaiwasha mashine, akasikiliza. Feni ilizunguka, diski ikakoroma. Mlio haukutoka. Alirudia, alihakiki kila herufi, alirudia tena. Hatimaye, kwa kukosa la kufanya, alifungua sanduku kwa bisibisi na kutazama ndani. Mahali ambapo spika ile ndogo ilipaswa kuwapo palikuwa na vijiti vinne vya chuma vilivyosimama wazi, bila kitu.

Kibanda cha Fundi Bisibisi hakikuwa mbali. Mwenyewe alikuwa ameinamia kompyuta iliyopasuliwa, miguu yake ikiuzuia mlango.

"Injinia wetu!" alisema. "Ile skana yangu inaendeleaje?"

"Inasoma, Fundi."

"Inasoma! Na mimi tangu uichukue nafanya kazi ya skana." Alitikisa mguu ulioegemea mlango. "Sema shida."

"Kompyuta ya Baba haina spika ya kwenye bodi."

"Kile kidude? Nakingoa kwenye kila mashine inayopita hapa. Kinalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama. Hakuna mteja anayekitaka."

"Wangu anakitaka."

Fundi alimtazama kuona kama ni utani, kisha akavuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza na kulimimina. Vispika vyeusi, kila kimoja na mkia wa nyaya mbili, vilitawanyika juu ya meza. "Chagua. Wote yatima." Walivijaribu kwa betri, kimoja baada ya kingine. Vingine vilikwaruza, vingine vilikuwa bubu. Kimoja kilitoa mlio safi, mwembamba, uliomfanya Fundi mwenyewe akunje uso.

"Hicho," alisema Binti.

"Hicho ndicho kibaya kuliko vyote!"

"Ndiyo maana."

Alasiri ile Binti aliketi mbele ya mashine huku kioo kimezimwa. Alitaka kukiwasha mara ya kwanza, na ya pili, na kila mara aliurudisha mkono. Mlio ulipotoka, alishangaa jinsi kusubiri kulivyokuwa kurefu kabla yake, na jinsi ambavyo hakuwahi kukusikia huko kusubiri. Aliandika neno lisilo lenyewe ili asikie kukataliwa, kisha lililo lenyewe, kisha akakaa gizani, kwa namna ya kusema, mpaka Kibati alipokuja. Alifanya hivyo mpaka mkono wake ukaacha kukitafuta kioo. Ndipo alipomwita baba yake.

Mhariri alishika ukingo wa meza, akaketi, akatafuta kitufe, akabonyeza. Feni. Diski. Kisha ule mlio mwembamba, mmoja.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Inaniuliza mimi."

Vidole vyake vilikaa juu ya kibodi. Kwanza aliandika upuuzi, na milio miwili ya chini ikatoka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Mhariri asiyejua kukataa si mhariri." Akaandika jina la jogoo na tarakimu zake. Baada ya muda Kibati alimkaribisha kwa sauti yake isiyo na harusi wala msiba.

Binti alidhani kazi imekwisha, akaanza kukusanya nyaya. Baba yake hakuinuka.

"Neno hili unalijua wewe."

"Ndiyo."

"Linabadilishwaje?"

Binti aliziweka nyaya chini. "Baba, ukilibadilisha kisha ukalisahau, hakuna atakayekufungulia. Si mimi, si Popo, si mtu yeyote. Muswada, barua, vyote vitabaki humo."

"Najua. Ulinieleza Jumamosi, nami nilisikiliza."

"Tunaweza kuliandika mahali..."

"Nani atanisomea?" Mhariri alitabasamu. "Nyuso zimeanza kunitoka, mwanangu. Hata wa mama yako nautafuta sasa. Maneno bado ninayo."

Binti alimfundisha amri ya kulibadilisha, naye akairudia, Kibati akaithibitisha neno kwa neno. Ilipobaki kubonyeza kitufe cha mwisho na kuandika neno jipya, Mhariri aliinua mikono kutoka kwenye kibodi na kugeuza uso kuelekea mlangoni, akangoja, kama mtu anayengojea mgeni aage.

"Haya, mama. Nenda kamsaidie shangazi yako."

Binti alichukua kioo chake, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Vidole vilisikika vikienda, vikasimama, vikaenda tena kwa kurudia neno lilelile.

"Kaweka neno gani?" Shangazi alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika barabarani.

"Sijui."

"Wewe si ndiye uliyeitengeneza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Umeitengeneza, na hujui kuifungua?"

"Ndiyo."

Shangazi alimtazama mpwa wake kwa huruma ya kweli, akampa kitunguu amenye.

Kesho yake Mhariri alimpigia katibu mwenyewe, akasema mtu mwingine asitafutwe, na kwamba sura ya tatu ina kosa kwenye maelezo ya delta. Alikuwa bado na simu mkononi bahasha ilipofika. Shangazi aliipokea kizingitini. Ukucha wa kidole gumba ulikwishaingia chini ya ukingo wa gundi sauti ya kaka yake ilipotoka chumbani.

"Ni ya kwangu?"

"Ni ya kwako." Shangazi aliigeuza, akaitazama kwenye mwanga. "Nikusomee? Mwanzo tu?"

"Ilete."

Aliipeleka, ikiwa nzima, ila imekunjika kidogo pembeni. Alimwona Mhariri akiichana kwa uangalifu wa mtu aliyepoteza uzoefu, akaipapasa karatasi ajue upande, akailaza kwenye skana. Kisha alitolewa nje kwa ishara ya mkono, na mlango ukafungwa. Binti alimkuta amesimama hapo, sikio karibu na mbao.

Mwanga wa skana ulionekana ukipita chini ya mlango. Kibati alitamka neno la kwanza, ambalo lilikuwa "Ndugu," na papo hapo spika za masikioni zikachomekwa.

"Kazimia tena?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi," alisema Binti, akamshika mkono waondoke mlangoni. "Anasoma."